Kazi imerudishwa na makao makuu: tafuta kosa lilipo kabla ya kuchapisha upya

Ofisi za matawi Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia hulalamikia mambo yale yale: bango limerudishwa mara tatu, fulana zimetoka na rangi isiyo ya kampuni, siku ya uzinduzi imefika na idhini bado iko Nairobi. Hapa malalamiko hayo yamepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayopatikana sana, kisha shuka. Usiruke ukaguzi mwepesi kwa kuona ni wa kitoto. Kazi nyingi huharibikia hapo.

Kabla ya chochote, tumia dakika kumi kukagua mambo matatu. Angalia tarehe au namba ya toleo la mwongozo wa chapa, yaani kitabu cha kanuni za nembo, rangi na herufi za kampuni, kwenye jalada au ukurasa wa mwisho. Uliza nembo iliyo ndani ya kazi ilitoka wapi: kama jibu ni "niliitoa kwa bango la mwaka jana", umeshapata kosa la kwanza. Halafu pima faili lenyewe: ni ukubwa halisi, au ni moja kwa kumi kama ilivyo desturi ya mabango makubwa? Kama limepunguzwa, kipimo hicho kiandikwe ndani ya jina la faili.

Dalili: jibu linasema tu "haifuati mwongozo"

Jibu hili halijakupa sababu, limekupa dalili tu. Usianze kusogeza vitu huku na kule kwa kubahatisha, maana utatengeneza toleo la nne lenye makosa mapya mawili. Andika ujumbe mfupi: "Habari za asubuhi. Tafadhali nisaidie na namba ya ukurasa wa mwongozo na sehemu ya kazi inayohusika, nirekebishe leo hii." Mkaguzi akishindwa kutaja ukurasa, huenda analalamikia ladha yake, si mwongozo. Ladha nayo hutekelezwa ikiwa mwenye mamlaka ameiandika, ila usiichanganye na kosa.

Wakati unasubiri jibu, kagua kwa mpangilio huu.

1. Nembo ya zamani. Kampuni ikibadilisha nembo kidogo tu, labda pembe imelainishwa au neno moja limeondolewa, ile ya zamani hubaki kwenye kompyuta za matawi kwa miaka. Weka ya zamani juu ya mpya kwa uwazi wa asilimia 50, tofauti itajitokeza yenyewe.

2. Nafasi tupu ya kuzunguka nembo imevamiwa. Miongozo mingi huipima kwa sehemu ya nembo yenyewe, kwa mfano kimo cha herufi moja. Ikiwa herufi hiyo kwenye kipeperushi chako ina milimita 12, basi maandishi, picha na ukingo wa karatasi vikae angalau milimita 12 kutoka kwenye nembo. Wavamizi wakuu hapa kwetu ni namba ya simu na namba ya till, zinazopachikwa dakika ya mwisho kwa sababu bosi wa tawi amesema "hapo pana nafasi".

3. Nembo sahihi kwenye usuli usio wake. Karibu kila nembo ina toleo la rangi kamili, la rangi moja na jeupe la kuwekwa juu ya rangi nzito. Rangi kamili ikiwekwa juu ya picha yenye majani, watu na anga, itakataliwa. Hamishia nembo kwenye sehemu tulivu ya picha, au tumia toleo jeupe kama mwongozo unaliruhusu. Kivuli na mstari wa kuizungushia havitatui tatizo, vinaongeza kosa la pili.

4. Nembo imevutwa. Gawanya upana kwa kimo katika faili la asili, kisha fanya hivyo kwenye kazi yako. Jibu la kwanza likiwa 3.2 na la pili 2.9, imebanwa. Hutokea sana mtu anapovuta picha kwa ukingo badala ya pembe ndani ya Word au PowerPoint.

5. Nembo ni ndogo kupita kiasi. Kima cha chini kiko ndani ya mwongozo. Kalamu na chupa za maji ndizo hukosea hapa. Huko omba toleo la alama pekee, lisilo na kaulimbiu.

Simama hapa ikiwa huna faili la asili la nembo. Usimwombe dizaina wa mtaani aichore upya kwa kuifuatisha, hata kama mkono wake ni mzuri namna gani. Omba faili kwa idara ya mawasiliano na usubiri.

Dalili: rangi imetoka tofauti

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo lenye kulaumiana kwingi. Dizaina humlaumu mwenye mashine, naye mwenye mashine husema faili lilikuja hivyo. Mara nyingi wote wawili wana sehemu yao.

Anza na mwanga. Toka nje na kazi, kivulini, saa nne asubuhi hivi, uilinganishe na sampuli iliyoidhinishwa. Taa za tyubu ndani ya maduka ya uchapaji hufanya rangi mbili zilizo tofauti zionekane sawa, na zilizo sawa zionekane tofauti. Usilinganishe na simu wala kompyuta kamwe. Kioo hutoa mwanga, karatasi huurudisha.

Kama bado ni tofauti, sababu zenyewe ni hizi.

Faili liko kwa RGB. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine huchanganya wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani chenye kung'aa, chungwa kali na buluu ya umeme viko nje ya uwezo wa wino huo wa rangi nne. Mashine huvigeuza yenyewe na kukupa kijani cha majani makavu. Usibonyeze kitufe cha kugeuza na kuridhika: mwongozo una namba za CMYK zilizokwisha kupimwa, ziandike moja baada ya nyingine.

Namba ya Pantone, ule mfumo wa kutaja kila rangi kwa namba yake, ni ya karatasi nyingine. Namba yenye herufi C mwishoni ni ya karatasi yenye kupakwa, ile inayong'aa. Yenye U ni ya karatasi isiyopakwa, kama bondi ya barua. Wino ule ule ukinywewa na bondi hufifia. Ndiyo maana barua za kampuni na brosha zake hazifanani hata zikitoka duka moja siku moja.

Malighafi. Rangi kwenye flexi ya bango (lile turubai la plastiki), kwenye stika ya vinili, kwenye pamba na kwenye ukuta wa plasta haiwezi kuwa moja kwa namba moja. Omba kipande cha majaribio kwenye malighafi ile ile: miraba mitano ya sentimita 5, wa kati ukiwa na namba ya mwongozo, miwili yenye majenta pungufu na zaidi kwa asilimia 5, miwili yenye njano pungufu na zaidi kwa kiasi hicho. Iache ikauke, chagua mmoja, utie sahihi nyuma na tarehe. Kipande hicho kitakuokoa kuliko barua pepe kumi.

Nyeusi. Maandishi madogo yawe nyeusi tupu ya asilimia 100, bila rangi nyingine. Yakitengenezwa kwa rangi nne na karatasi ikasogea hata nusu milimita, herufi huota vivuli. Eneo kubwa jeusi nalo likiwa nyeusi tupu huonekana kijivu, hivyo huongezewa rangi, kwa mfano C60 M40 Y40 K100. Jumla hiyo ni asilimia 240. Kwenye karatasi yenye kupakwa wachapaji wengi huweka kikomo karibu na 300. Ukizidi, wino haukauki na kurasa hugandana.

Laminesheni, yaani utando wa plastiki wa kufunika kazi. Ile isiyong'aa hupoza rangi, inayong'aa huzinenepesha. Ikiwa sampuli iliidhinishwa bila laminesheni, haijaidhinisha kazi yenye laminesheni. Halafu wino wa mashine za mabango huhitaji takriban saa 24 kutoa mvuke kabla ya kufunikwa. Mchapaji anayekuharakishia siku hiyo hiyo anakuuzia stika itakayofanya malengelenge.

Jua. Bango lililotoka vizuri Januari na limepauka Juni halina kosa la chapa. Ikweta inapita pale Maseno, na jua la huku halina huruma: nyekundu na njano huanza kukimbia, buluu na nyeusi hubaki, na kahawia ya kampuni inageuka kijivu. Kwa kazi ya kukaa zaidi ya miezi sita nje, andika kwenye oda wino wa kustahimili jua na panga tarehe ya kubadilisha.

Simama hapa: ikiwa majaribio mawili yenye namba sahihi kwenye malighafi sahihi bado hayakaribiani na sampuli, tatizo ni mashine. Vichwa vya wino vimeziba au mashine haijasawazishwa rangi. Hiyo ni kazi ya fundi wa mashine. Kumbadilishia namba ili "ikae sawa" kwenye mashine mbovu kunaharibu faili kwa mashine nyingine zote.

Dalili: nembo ina ukungu au kingo za meno

Sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha hubanwa, hata kama upande wako inaonekana safi. Itume kama hati, au kwa barua pepe, au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni.

Baada ya hapo fanya hesabu. Picha ya kushikwa mkononi inahitaji pikseli 300 kwa inchi. Nembo ya upana wa sentimita 5 inataka takriban pikseli 590. Bango la mita 3, likiangaliwa kwa mbali, linatosheka na pikseli 100 kwa inchi, lakini hizo bado ni takriban pikseli 11,800 kwa upana. Nembo ya tovuti yenye pikseli 400 haiwezi kufika huko hata ikifungwa bawa.

Dawa ni faili la vekta, lililochorwa kwa mistari badala ya pikseli: AI, EPS, SVG, au PDF iliyotokana na hayo. Likuze hadi asilimia 800. Kingo zikibaki nyembe, ni vekta; zikitoa ngazi, kuna JPEG iliyovalishwa koti la PDF. Hilo la mwisho hudanganya wengi, kwa sababu jina la faili linaishia vizuri.

Dalili: herufi zimebadilika, maneno yamesogea

Kompyuta ya mchapaji haina fonti ya kampuni, ikaweka yake. Kagua PDF kwa Adobe Reader, kwenye sifa za faili, kipengele cha fonti: kila moja iwe imepachikwa. Faili la Illustrator au CorelDRAW nalo ligeuzwe herufi kuwa maumbo kabla ya kutumwa, ila uhifadhi nakala inayoharirika. Usimtumie mchapaji fonti ya kulipia, leseni yake huenda ni ya kompyuta za kampuni tu. Miongozo mingi hutaja fonti mbadala ya ofisini, mara nyingi Arial, kwa ajili ya Word na PowerPoint.

Tafsiri ina ugonjwa wake. Dizaini iliyopangwa kwa Kiingereza, ikipokea Kiswahili au Dholuo, mara nyingi hukosa nafasi, na dizaina hubana herufi ili zitoshe. Kubana herufi kunakatazwa karibu kila mwongozo. Punguza maneno au omba mpangilio mwingine. Na kaulimbiu isitafsiriwe na tawi. Hata kama tafsiri yako ni tamu kuliko ya asili, inahitaji idhini yake yenyewe, kwa kuwa mara nyingi kaulimbiu imesajiliwa kama alama ya biashara.

Dalili: idhini haitoki, hakuna anayejibu

Kwanza thibitisha umemtumia anayeidhinisha. Katika mashirika mengi mtu wa masoko hupitia, lakini sahihi ni ya mawasiliano au ya sheria. Halafu jiulize kama umemtumia kitu kinachoweza kuidhinishwa. Picha ya skrini yenye maneno "cheki hii" haiwezi. Kifurushi kinachojibiwa haraka kina PDF nyepesi, vipimo, malighafi, idadi, jina la mchapaji, picha ya mahali kitakapowekwa, lugha, tafsiri ya Kiingereza ya maneno yasiyo ya Kiingereza, na siku ya mwisho ya kuamua. Meneja aliyeko Nairobi hajui ukuta wa Kondele una dirisha katikati. Mwonyeshe.

Jina la faili liseme jambo: mahali, kitu, kipimo, toleo, tarehe. "Final_final2_sasa" imewahi kuchapishwa wakati iliyoidhinishwa ilikuwa "final".

Kuhusu ratiba, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya tukio: siku ya kufunga, siku moja ya kusafirisha ikiwa inachapishwa Nairobi na kuletwa kwa basi la usiku, siku mbili au tatu za kuchapisha, moja ya sampuli, kisha mizunguko miwili ya idhini. Kazi ya kawaida isipoanza wiki tatu kabla, unaomba miujiza. Simu yenye "endelea tu" si idhini. Jibu papo hapo kwa maandishi, "Nathibitisha umeidhinisha toleo la 4", na usianze mashine kabla hajajibu.

Dalili: mshirika analalamika kuhusu nembo yake

Hili huja kwenye miradi ya afya, kilimo na maji, ambako bango moja hubeba nembo za mfadhili, kaunti na shirika. Sababu ya kwanza ni ukubwa usiolingana. Usilinganishe kwa upana peke yake: nembo ya duara na nembo ndefu zikipewa upana mmoja, ya duara itaonekana jitu. Zilinganishe kwa eneo, kwa jicho, kisha tuma safu hiyo pekee kwa washirika wote kabla ya kutengeneza kitu kingine. Sababu ya pili ni mpangilio: soma mkataba wa ufadhili, mara nyingi umesema nani awe kushoto. Nembo ya Lipa na M-PESA, huduma ya Safaricom, kwenye bango la duka pia ina mwenyewe, hivyo usiipake rangi ya duka lako.

Simama hapa ukiona ngao ya taifa au bendera kwenye kazi ya kibiashara. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inazuia kuzitumia kutangazia biashara bila ruhusa ya maandishi. Mpelekee wakili wa kampuni, na kazi isimame.

Dalili: chapa imeidhinishwa, lakini askari wa kaunti wameling'oa bango

Idhini ya makao makuu haina uhusiano na kibali cha mahali. Matangazo ya nje ni kazi ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na ada zake hupangwa katika sheria ya fedha ya kaunti. Ada ya Nakuru usiifanye makisio ya Kisumu. Kama bango liko kwenye hifadhi ya barabara, kuna mamlaka ya barabara pia: KeNHA kwa barabara kuu kama ile ya Nakuru kwenda Eldoret, KURA kwa za mjini, KeRRA kwa za mashambani. Kwa ukuta wa duka pata barua ya mwenye jengo. Mpangaji anayeuza unga hapo hana mamlaka ya kuuza ukuta.

Dalili: kilichofungwa hakifanani na kilichoidhinishwa

Kisumu upepo wa ziwani huanza kusukuma mchana. Wafungaji hukata vijidirisha vya nusu mwezi ili upite, na kisu hakijui nembo ilipo. Agiza kitambaa cha wavu kwa bango kubwa, upindo ulioimarishwa, na pete za chuma kila sentimita 50.

Ukuta wa kupakwa una shida nyingine. Plasta ambayo haijawahi kupakwa hunywa rangi, kwa hiyo anza na mkono mmoja wa rangi nyeupe ya msingi. Peleka sampuli ya rangi kwenye duka lenye mashine ya kuchanganya, na upake mita moja ya mraba kwanza. Kwenye mabati ya mawimbi herufi ndogo huvunjika zikitazamwa kwa pembeni. Weka nembo na neno moja kubwa, basi. Sentimita 50 za chini ziache rangi nzito isiyo na nembo, maana mvua za Kakamega zitarusha tope jekundu hapo karibu mwaka mzima.

Fulana: herufi zilizodariziwa chini ya milimita 5 hujifunga, hivyo ondoa kaulimbiu. Uchapaji wa sublimesheni, yaani kuhamisha rangi kwa joto linaloigeuza mvuke, hushika poliesta, pamba haiushiki. Ukiona nembo imefifia baada ya kufuliwa mara moja, soma lebo ya kitambaa kwanza.

Dalili: mtu aliye pichani anadai hakukubali

Ondoa picha kwenye kazi yote ambayo haijatoka, leo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ridhaa lazima iweze kuthibitishwa, inaweza kuondolewa, na ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Fomu itaje matumizi: bango la barabarani si sawa na ripoti ya ndani. Kama kazi tayari iko hadharani, mwite mwanasheria kabla ya kumpigia mhusika simu ya kumbembeleza.

Tayari imechapishwa, na ina kosa

Simamisha usambazaji na hesabu vipande vilivyo ghalani na vilivyokwisha kutoka. Weka viwili kama ushahidi, pamoja na sampuli yenye sahihi na barua pepe ya idhini. Ukilinganisha kazi, sampuli na idhini utajua kosa liliingia wapi: kama sampuli ni sahihi na kazi si sahihi, mchapaji arudie kwa gharama yake, kama sampuli nayo ina kosa, gharama ni ya aliyeitia sahihi. Usibandike stika juu ya kosa bila kuuliza, kwa sababu stika nayo ni kazi ya chapa na inahitaji idhini. Mabango mabovu yakatwe vipande kabla ya kutupwa. Flexi hupendwa sana kufunikia mahindi na kuezekea vibanda, na nembo iliyokataliwa itakaa barabarani Webuye miaka mitano zaidi ya ile sahihi.